Kiwanja Kimoja, Hati Mbili: Ugomvi wa Anwani Ndani ya Kompyuta

Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ya mtumba, Windows 7 ya biti 32, RAM GB 2. Niliiwekea Cygwin, ule mkusanyiko wa programu unaomwezesha mtu wa Windows kutumia zana za Unix bila kuhama mfumo endeshi wake, na kwa miezi kadhaa tukaishi vizuri. Siku moja, nikiwa nakompaili moduli ya Python, skrini ikaanza kurudia sentensi moja: "fork: retry: Resource temporarily unavailable". Yaani, rasilimali haipatikani kwa sasa, ngoja nijaribu tena. Ikajaribu mara kadhaa, kisha ikakata tamaa.

Niliposoma "rasilimali" nikaelewa RAM. Fundi niliyempelekea naye akaelewa hivyohivyo. Tukaongeza hadi GB 4, nikalipa, nikarudi nyumbani, nikawasha. Sentensi ileile. Simlaumu fundi, alijibu swali nililomuuliza. Swali lenyewe ndilo lilikuwa bovu, na naona watu wengi bado wanaliuliza, kwa sababu neno "kumbukumbu" limebeba mambo mawili tofauti: wingi wa nafasi na mahali pa nafasi.

Aliyewahi kufuatilia kesi ya kiwanja atanielewa haraka. Ardhi ipo, mapori hadi upeo wa macho, lakini kiwanja namba fulani, kitalu fulani, kina watu wawili na kila mmoja ana hati mkononi. Kuongeza ekari mia pembezoni mwa mji hakuimalizi kesi hiyo, kwa maana hakuna aliyekuwa anataka ekari. Wanachotaka ni kiwanja kile kile.

Ndani ya Windows ya biti 32 kila programu inapoanza hupewa ramani yake ya anwani, GB 4 kwa jumla. Kwa kawaida GB 2 za chini ni za programu yenyewe, na GB 2 za juu ni za keneli, kiini cha mfumo endeshi. Ramani hii ni ya kuwaziwa tu, nayo haijali kama chini yake kuna RAM ya GB 1 au GB 4. Juu ya ramani ndipo hupangwa programu yenyewe, data zake, na zile faili za DLL ambazo ni maghala ya kazi zinazotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Kwa hiyo RAM niliyonunua iliipa kompyuta uwezo wa kuhudumia ramani nyingi zaidi kwa wakati mmoja. Haikuongeza hata kiwanja kimoja kwenye ramani ya Python.

Lakini kwa nini programu ing'ang'anie kiwanja fulani? Hapa lazima turudi Bell Labs, New Jersey, mwaka 1969, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wanaijenga Unix ya kwanza juu ya mashine ya PDP-7. Wazo la fork, lile neno la kwanza kwenye sentensi ya skrini yangu, lilikuwa limeshazungumzwa na Melvin Conway mwaka 1963, na lilikuwa tayari linatumika kwenye mfumo wa Berkeley. Thompson alilichukua kwa sababu lilikuwa rahisi kupita kiasi: Ritchie alieleza baadaye kwamba fork ya PDP-7 ilihitaji mistari 27 tu ya lugha ya assembly. Programu inaita fork, na papo hapo inakuwa mbili, mzazi na mtoto. Mtoto ana kila alicho nacho mzazi, tena mahali palepale.

Hilo la "mahali palepale" si urembo. Kumbukumbu ya programu imejaa vielekezi, yaani namba zinazosema kazi fulani iko kwenye anwani fulani. Mtoto hunakili namba hizo zote bila kuzisahihisha. Kama maktaba iliyokuwa nyumba ya 40 kwa mzazi imejengwa nyumba ya 52 kwa mtoto, mtoto atakwenda kubisha hodi nyumba ya 40, akutane na mtu mwingine kabisa au kichaka. Programu inayofanya hivyo huanguka, au, vibaya zaidi, huendelea huku ikiharibu data.

Kwenye Unix halisi na kwenye Linux kesi hii haiwezi hata kufunguliwa. Keneli ndiyo yenye kitabu cha ramani, na mtu akiita fork, keneli hunakili ukurasa wa ramani ulivyo. Windows ilifuata njia nyingine. Wito wake wa CreateProcess huunda mchakato mgeni, wenye ramani tupu, kisha hupakia kila kitu upya kana kwamba hakuna mzazi. Ajabu ni kwamba keneli ya NT iliweza kunakili mchakato tangu toleo la kwanza la mwaka 1993, kwa ajili ya kitengo chake cha POSIX, yaani cha programu za mtindo wa Unix. Tabaka la Win32, ambalo programu za kawaida hukaa juu yake, halikujengwa kumpokea mtoto wa namna hiyo. Uwezo ulikuwepo jikoni, ila haukuwahi kuletwa mezani.

Cygwin ilizaliwa mwaka 1995 mikononi mwa Steve Chamberlain wa Cygnus Solutions, kampuni ya California ambayo baadaye iliunganishwa na Red Hat. Ilibidi itengeneze fork mahali pasipo na fork, na ilivyofanya ni kazi ya fundi mwerevu asiye na vifaa. Mzazi huanzisha nakala ya programu ileile kwa CreateProcess. Mtoto huamka, hutambua kuwa ni mtoto, hupakia DLL zote alizokuwa nazo mzazi, kisha data, rundo (heap) na staki (stack) za mzazi humiminwa ndani yake kipande kwa kipande. Mpango mzima unasimama juu ya sharti moja, kwamba kila DLL itue kwa mtoto pale ilipotua kwa mzazi. DLL ikienda kombo, Cygwin huishusha, huziba ile nafasi ya bahati mbaya ili isirudi huko, hujaribu tena. Ule ujumbe wa kujaribu tena nilioona ulikuwa mlio wa mapambano hayo.

Sasa, ni nani anayekalia viwanja? Watuhumiwa wa kwanza ni ndugu wenyewe. Kila DLL hubeba ndani yake anwani inayoipendelea. Kilinki cha Microsoft, kisipoambiwa vingine, huandika 0x10000000 kwa kila DLL, na dunia ina waandishi wengi wa programu ambao hawasemi vingine. DLL ya kwanza kufika hukipata kiwanja, zinazofuata husukumwa popote penye nafasi. Programu yenye DLL tano haitajua kama kuna tatizo. Lakini Python, Perl au Octave hupakia makumi, na hapa ndipo siri ilipo: mzazi alizipakia kidogo kidogo kwa kadiri alivyozihitaji, saa nzima labda, ilhali mtoto anazipakia zote kwa mkupuo anapozaliwa. Mpangilio wa kufika umebadilika, kwa hiyo na mahali pa kusukumwa pamebadilika. Ndiyo sababu amri ndogo kama ls ilikuwa inafanya kazi kwangu vizuri kabisa wakati Python inaanguka, jambo lililonifanya nimshuku kila mtu isipokuwa mhusika.

Kisha kuna Windows yenyewe. Tangu Vista, DLL za mfumo hupangwa ovyo kwa makusudi, ili mhalifu wa mtandaoni asijue mlango ulipo. Mbinu hii huitwa ASLR. Kwa Windows, nafasi za DLL za mfumo huchaguliwa kompyuta inapowashwa na hubaki hivyo hadi itakapozimwa. Hapo ndipo panatoka malalamiko ya kawaida kuliko yote: jana ilifanya kazi, leo haifanyi, na sijagusa kitu. Ni kweli hujagusa. Umezima na kuwasha, nayo Windows imepima viwanja upya, safari hii DLL moja ya mfumo ikatua mahali ambapo Cygwin ilikuwa imezoea kupanga zake. Ukizima na kuwasha tena inaweza kupona, nawe ukaondoka ukiamini umeitibu.

Wa tatu ni wageni. Antivirusi, programu za kamera, za kadi ya video, za kibodi zenye vitufe vya ziada: nyingi huchomeka DLL zao ndani ya kila programu inayoanza, bila hodi. Watu wa Cygwin wana orodha yao ya miaka mingi, waliyoipa jina la utani BLODA, yaani orodha kubwa ya programu za kutiliwa shaka. Ubaya wa mgeni huyu si kwamba anakaa, bali kwamba hana saa maalumu. Kwa mzazi aliingia mapema, kwa mtoto kachelewa, na kiwanja alichokalia si kile kile. Kuizima antivirusi kwa kubofya kialama chake pembeni mwa saa mara nyingi hakusaidii, kwa sababu kinachochomeka DLL ni sehemu ya chini inayoendelea kufanya kazi. Jaribio la haki ni kuiondoa kabisa, kuwasha upya, kupima, kisha kuamua kama utairudisha au utatafuta nyingine.

Katika uchunguzi wa tatizo hili, kosa ninaloliona zaidi ni haraka ya dawa. Mtu husoma mahali fulani kwamba tiba ni amri ya rebaseall, anaiendesha, haiponi, anaiendesha tena. Ujumbe wenyewe wa kosa ulikuwa umeshasema mgonjwa ni nani. Ukisema kwamba imeshindikana kuirudisha faili fulani ya DLL kwenye anwani aliyokuwa nayo mzazi, jina la faili liko hapohapo kwenye mstari, na kazi yako ni kuuliza faili hiyo ilitoka wapi. Ukisema kwamba nafasi inayohitajiwa na DLL fulani imekwisha kukaliwa, tafuta aliyekaa. Na ukitaja cygheap, ghala la ndani la Cygwin yenyewe, au kumbukumbu ya pamoja kutolingana matoleo, hapo kesi ni nyingine kabisa. Mara nyingi kuna faili mbili za cygwin1.dll kwenye kompyuta moja, moja ya Cygwin yako na nyingine iliyokuja kimyakimya na programu nyingine. Kupanga upya anwani hakutatibu chochote, utapoteza mchana bure. Tafuta nakala zote za faili hiyo kwenye diski na ubaki na moja, iliyo mpya.

Lakini kabla ya yote hayo, fungua Task Manager uangalie RAM. Kama imejaa, una njaa ya kweli na haya mengine hayakuhusu. Kama nusu yake iko wazi na fork bado inakataa, ugomvi ni wa anwani. Ningefanya jambo hilo moja la dakika moja, fedha ya fundi ningebaki nayo.

Zana za ushahidi zipo na ni za bure. Cygwin huigiza folda ya /proc ya Linux, kwa hiyo amri ya cat /proc/self/maps huchapisha ramani nzima ya mchakato: anwani mwanzo mwisho, na jina la faili iliyokalia. Iendeshe mara tatu, ulinganishe. Kinachohamahama kati ya mara moja na nyingine ndicho cha kushuku, na jina la folda litakwambia kama ni ndugu, mfumo au mgeni. Amri ya rebase -si huorodhesha DLL za Cygwin pamoja na anwani na ukubwa wake, na huweka nyota kwenye zinazogongana. Kwa upande wa Windows, ListDLLs ya Sysinternals ikipewa -r huonyesha DLL zilizokosa kiwanja zilichokitaka. Baada ya dakika kumi za zana hizi mtu hukoma kubahatisha.

Tukija kwenye tiba, rebaseall hufanya kile ambacho ofisi ya ardhi yenye utaratibu ingefanya. Hupita kwenye DLL zote zilizosajiliwa, hupima ukubwa wa kila moja, kisha huzigawia anwani zisizogongana, moja baada ya nyingine, ikishuka kutoka 0x70000000 kwa mfumo wa biti 32, na kuziandika ndani ya faili zenyewe. Inabidi michakato yote ya Cygwin iwe imefungwa, pamoja na huduma za nyuma kama sshd na cron. Tena amri yenyewe huendeshwa ndani ya dash na si bash, kwa kuwa bash nayo hutumia DLL zinazotaka kuhamishwa, na huwezi kumhamishia mtu nyumba akiwa amelala ndani. Wengi hukwama hapo. Wanaopita hapo hukwama kwenye lingine ambalo ndilo lililonipata mimi: rebaseall inazijua DLL zilizokuja na vifurushi vya Cygwin. Moduli uliyokompaili mwenyewe, au iliyoletwa na pip, haimo kwenye daftari. Ni nyumba iliyojengwa bila kibali. Mpimaji hupanga mtaa wote kana kwamba haipo, halafu siku ya kuhamia ndipo watu wanagundua ukuta wake umepita katikati ya barabara. Ilinibidi niandike orodha ya moduli zangu kwenye faili na kuipa rebaseall kwa -T, na kuanzia hapo ile sentensi ikanyamaza.

Huko nyuma Linux ilipita njia hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya kuhamia muundo wa ELF, maktaba za pamoja za Linux zilikuwa na anwani za kudumu, na palikuwa na orodha moja ya kugawia kila maktaba sehemu yake. Aliyetengeneza maktaba mpya aliomba kiwanja. ELF iliondoa haja hiyo kwa maktaba zilizotengenezwa kwa namna ya kutojali zimewekwa wapi. Cygwin haikuwa na bahati hiyo, kwa kuwa hata DLL isiyojali imewekwa wapi bado inatakiwa na fork iwe palepale ilipokuwa kwa mzazi.

Biti 64 zilituliza mambo sana. Cygwin ya biti 64 ilitoka rasmi mwaka 2013, na ghafla sehemu ya programu kwenye ramani, iliyokuwa ya GB 2, ikawa ya TB 8 kwenye Windows 7, kisha TB 128 kuanzia Windows 8.1. DLL zilizopangwa zilitengewa mtaa wao wa GB 8, kuanzia 0x200000000 hadi 0x400000000, mara nne ya sehemu yote ya programu kwenye ramani ya zamani. DLL zisizopangwa zikapewa mtaa wa pili wenye ukubwa huohuo. Migongano ya ndugu ikapungua mno. Desemba 2022, toleo la 3.4 likaacha kabisa kuhudumia biti 32, na sioni wa kulalamika isipokuwa sisi wenye mashine za kale.

Ila ugomvi haukufa, umebadili sura. Windows 10, toleo la 1709 la mwaka 2017, ilileta mipangilio ya kujikinga ambamo msimamizi anaweza kulazimisha ASLR kwa kila programu, hata zile zilizoomba zisihamishwe. Kwa kawaida imezimwa, lakini ofisi zinazojali usalama huiwasha kwa kompyuta zote kwa pigo moja. Asubuhi yake Git Bash haifunguki. Wanafunzi wengi wa programu, hapa kwetu pia, hawajawahi kulisikia jina la Cygwin, lakini Git for Windows waliyoiweka siku ya kwanza ya darasa imejengwa juu ya MSYS2, na MSYS2 ni mtoto wa Cygwin. Wanaona ujumbe wa cygheap, wanaiondoa Git, wanaiweka tena, wanaona ujumbe uleule. Dawa ni kuziruhusu programu hizo chache zisilazimishwe, kwa majina yake, na kuuacha ulinzi uendelee kwa nyingine zote. Ushauri unaozagaa wa kuuzima kwa kompyuta nzima siuungi mkono. Ni sawa na kung'oa geti kwa sababu ufunguo mmoja unakwama.

Njia ya kuhama kabisa pia ipo. WSL ya kwanza, mwaka 2016, ilitumia ule uwezo wa keneli ya NT wa kunakili mchakato, kwa hiyo fork yake ni fork kweli. WSL 2, iliyotangazwa mwaka 2019, huendesha keneli halisi ya Linux ndani ya mashine pepe. Ugomvi wa viwanja umekwisha hapo moja kwa moja. Badala yake mashine pepe hiyo inahitaji RAM yake, na bila kuwekewa mpaka kwenye faili ya .wslconfig inaweza kujichukulia hadi nusu ya iliyopo. Kwa mwenye GB 4 hayo ni mateso, na kwa mara ya kwanza katika habari hii yote, fundi anayesema "ongeza RAM" atakuwa amesema kweli.

Mwaka huohuo wa 2019 watafiti wanne kutoka Microsoft Research, Chuo Kikuu cha Boston na ETH Zurich walichapisha makala wakitaka fork iachwe: imepitwa na wakati, ni nzito, haipatani na programu zenye nyuzi nyingi, na inaulazimisha mfumo endeshi ujengwe kwa kuizunguka. Kwa anayejenga mfumo mpya nadhani wana haki, na posix_spawn ipo kwa anayetaka kuanzisha programu nyingine bila kujigawa. Lakini hati za amri zilizoandikwa kwa zaidi ya nusu karne hazitaandikwa upya kwa sababu ya makala, na kila mstari wenye bomba ndani ya bash ni fork inayosubiri kupewa kiwanja.

Ile kompyuta bado ninayo, kwenye kona, kwa ajili ya printa ya zamani isiyokubali kitu kingine. Kila nikiiongezea moduli naifunga Cygwin, nafungua dash, naendesha rebaseall na orodha yangu. Kwa diski ile huchukua muda wa kuchemsha chai.